Kifuniko

Nianze na deni, maana ndiyo kazi niliyopewa hapa Kamas:
mafuta machafu ya injini, mapipa mawili kwa wiki;
tokeni za stima za feni, ambazo huisha saa kumi kasorobo
alumini ikiwa nusu uji;
mkaa wa kuwashia, gunia,
ambalo bei yake hupanda kila ninaponunua kalamu.

Randiki, baba yangu mdogo, hasomi daftari.
Yeye husoma moto.
Ukiwa mwekundu wa damu husema bado.
Ukigeuka rangi ya chungwa huinua kidole,
kile kimoja kilichobaki na ukucha,
na vijana hunyanyua chungu kwa koleo ndefu,
alumini ikamiminika katika kalibu za mchanga
kimya, kama maziwa yanayojua njia.

Tunasubu sufuria za kila namba,
kuanzia ya uji wa mtoto
hadi ile ya matanga inayomeza fahali.
Kila moja na kifuniko chake.
Kibuye hawanunui sufuria isiyofunikika.

Na tanuri letu lilikuwa wazi.
Miaka kumi na tisa limeachama,
ndimi za moto zikilamba mabati ya paa
hadi yakawa meusi, kisha mekundu, kisha matundu.

Usiku mmoja nilijumlisha. Nikajumlisha tena.
Katika kila lita tatu, mbili hazikuwahi kugusa chuma.
Tulikuwa tunaipikia anga ya Kisumu,
na anga haijaleta hata shilingi.

Nilipomwambia, Randiki alicheka.
"Moto usiouona, utajuaje kama umelala?"

Sikubishana.
Nilikwenda Ahero, kwenye kinu cha mpunga,
nikaomba jivu la makapi, lile wanalolimwaga kando ya mfereji.
Walinipa magunia manne, wakanisindikiza kwa macho.
Udongo niliupata kwa Dorsila mfinyanzi,
aliyeuonja kwa ncha ya ulimi kabla ya kuupima.
Nikachanganya, nikashindilia ndani ya kitako cha pipa.
Kikapasuka.
Cha pili kikapasuka.
Niliandika hivyo hivyo: hasara, vifuniko viwili.
Cha tatu nilikikausha kivulini siku tisa,
nikikigeuza asubuhi na jioni kama mgonjwa wa mgongo.

Siku ya kufunika, Randiki alikaa nje, ametupa kisogo.
Feni ikavuma. Ndimi zikapotea.
Pakabaki tundu moja katikati, dogo, linang'aa
kama jicho la mbuta aliyevuliwa sasa hivi.
"Umelizima," akasema.

Kisha tanuri likaanza kunguruma,
si kwa juu kama zamani; chini, kifuani.
Akageuza shingo.
Mzee aliyesoma moto miaka yote kwa macho
alisogea, akainamisha sikio.
Saa tano na robo kidole kilikuwa juu,
na vijana walikuwa bado wanatafuta glavu.

Siku hizi pistoni kuukuu huatamia kifuniko,
zikipasha matumbo zikingoja zamu yao.
Maji yaliyojificha mikunjoni hutoka hapo, kwa mvuke.
Mguu wa Wanjala unajua
tone moja hufanya nini ndani ya alumini iliyoyeyuka;
hana haja ya kuelezwa.

Sasa ni pipa moja na robo kwa wiki.
Sitadanganya: mwezi uleule muuza mafuta alipandisha bei,
akala nusu ya ushindi wangu bila kunawa.
Nusu iliyobaki ilinunua mabati matatu.

Na kuna mstari mmoja daftarini ambao mkaguzi, akija, hatauelewa.
Jioni, vijana wakishaoga,
Randiki huchukua ndoano, huinua kifuniko kidogo tu,
huchungulia,
mwanga ukamkaa usoni kama zamani,
kisha hukirudisha taratibu, bila neno.
Ninaandika kwa wino uleule wa madeni mengine:
*kuutazama moto, nusu lita.*